Keki ya Ruta na Kidole cha Mkaguzi

Nyumbani kwetu Tabata kuna kidole kinachotutawala. Ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na mwenye nacho ana miaka minne na nusu. Ni kitinda mimba wetu. Jina analo, zuri tu, lakini tunamwita Mkaguzi, kwa kuwa hakuna kitufe humu ndani ambacho hajakikagua: feni, rimoti, pasi, kengele ya jirani. Tangu Ramadhani iliyopita amegundua kitufe cha nyuma ya ruta. Ukikishikilia sekunde kumi hivi, taa zote zinawaka kwa pamoja, zinazima, kisha ruta inasahau kila kitu. Jina la waifai limekwenda, nenosiri limekwenda. Inarudi kama ilivyotoka kwenye boksi, na mimi narudi kupiga magoti mbele ya friji, waya wa LAN mkononi, huku sauti nne nyuma yangu zinaniuliza intaneti imekwenda wapi.

Mwenzangu mwenye familia, wewe utanielewa. Hii ruta ilikuwa juu ya friji makusudi, ili kidole kisiifikie. Kidole kikajifunza kusogeza stuli.

Ngoja kwanza nikutajie wenye nyumba. Mke wangu, Mama Salma, mimi humwita Gavana, kwa sababu hapatoki shilingi humu bila sahihi yake, na kwa kweli ndiyo maana bado tuna paa. Salma yuko kidato cha tano na ndiye mwenye akili iliyotulia. Kijana wa kati ni Bundi: mchana analala kwenye kochi, usiku anacheza gemu na kupakia video zake mtandaoni. Halafu kuna mama mkwe wangu, Spika. Alitoka Unguja kuja kutibiwa macho kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa tatu. Macho yamepona, tunamshukuru Mungu, na sasa anaona hata yale niliyotamani yampite. Hakuna anayesema sebuleni bila yeye kumpa nafasi, na akisema "basi", hoja imefungwa.

Kila usiku baada ya Isha Spika humpigia mdogo wake aliyeko Maskati. Kule wako saa moja mbele yetu, kwa hiyo bi mdogo huwa ameshakula na amejiegemeza kwenye mto, tayari kwa mazungumzo. Wanaonana kwa picha. Wanapeana habari za wagonjwa, za waliooa, za bei ya samaki Forodhani. Ni saa nzima ya furaha, na mimi huipenda saa ile kwa sababu Spika akicheka na mdogo wake anakuwa msichana.

Tatizo ni kwamba saa hiyohiyo Bundi huanza kupakia video. Basi uso wa bi mdogo unaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Spika anapiga kelele, "Kaganda tena! Baba Salma, mwanangu, njoo umtazame, asije akawa anaumwa!" Mara mbili nimemkuta anamsomea dua kwenye kioo cha simu.

Sasa, laini yetu ni ya megabiti 20 kwa sekunde. Inatosha watu watano kwa raha. Kinachogandisha si upungufu wa njia bali ni foleni. Vifaa vingi vya nyumbani vikizidiwa havikatai mzigo. Vinaupanga tu kwenye memori, pakiti juu ya pakiti, na kila ajaye anasimama nyuma. Video ya Bundi ikishajaza foleni, sauti ya bi mdogo, ambayo ni vipakiti vidogo vidogo, inangoja nyuma ya shehena nzima. Nilipima kwa ping: laini ikiwa tupu, jibu linarudi kwa milisekunde 30 hivi; Bundi akianza kupakia, zinapita 700. Hapo mazungumzo ya watu wawili yanakufa.

Aliyeupigia mbiu ugonjwa huu ni Mmarekani Jim Gettys, na alianza nyumbani kwake mwenyewe, mwaka 2010, alipoona laini yake inalemaa kila akihamisha faili kubwa kwenda kazini. Nilifarijika kujua kwamba alianzia nyumbani. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa njia ya kuzisimamia foleni hizo: pakiti zikikaa foleni muda mrefu kupita kiasi, baadhi zinatupwa mapema ili anayepakia ajue kupunguza mwendo. Dave Täht, aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuhakikisha dawa hiyo inafika kwenye ruta za watu wa kawaida. Mtu yule namheshimu sana. Kuna wazee wengi wanaozungumza na ndugu zao bila kukatikakatika, na hawajui nani aliwafanyia kazi.

Gavana nilipomweleza alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa hiyo si sheria yangu ya bafuni?" Akawa amesema kweli tupu. Tuna bafu moja. Asubuhi Bundi huingia na ndoo yake na kukaa nusu saa. Gavana alishapitisha siku nyingi kwamba mwenye haja ya dakika moja, anayenawa uso tu au kupiga mswaki, anapita kwanza. Mwenye ndoo atasubiri, na hatapungukiwa chochote. Foleni ya haki ndani ya ruta inafanya vivyo hivyo: kila mazungumzo yanapewa mstari wake, na yale madogo yanayotokea mara mojamoja yanapitishwa mbele. Toleo zuri zaidi la kazi hiyo linaitwa CAKE. Nami, kwa bahati mbaya, nikalitamka jina hilo mezani.

"Baba anaweka keki kwenye ruta?" akauliza Mkaguzi.

Nikamwambia ndiyo, keki. Kumbuka jibu langu hilo.

Ruta za dukani nyingi hazina foleni ya namna hii. Lakini ruta ni kompyuta, na kompyuta unaweza kuibadilishia programu iliyoketi ndani yake, ile wanayoiita famuwea. Vijana wa Kariakoo, pale Mtaa wa Aggrey, wanafanya hivyo kwenye simu kila siku na wanakuita: "Kuflashi tu, mzee?" Kwa ruta ipo programu huria iitwayo OpenWrt, na kisa chake nakipenda. Mwishoni mwa mwaka 2002 Linksys walitoa ruta ya WRT54G. Mwaka uliofuata watu wakagundua kwamba ndani yake mna Linux, na leseni ya Linux inasema ukiigawa programu lazima utoe na msimbo wake. Kampuni ikautoa. Mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza juu ya msingi huo, na leo unaingia kwenye ruta za kampuni chungu nzima. Hata wao waligombana: mwaka 2016 kundi moja likajitenga kwa jina la LEDE, mwaka 2018 wakarudiana chini ya jina la zamani. Wajomba wa Gavana wana ugomvi wa kiwanja tangu mwaka huohuo wa 2016, nao bado.

Kilichobaki ni kueleza kwa nini sikuchukua famuwea iliyokwisha kujengwa nikaiweka, yakaisha. Ni kwa sababu ya kidole.

Hifadhi ya ruta yenye OpenWrt ina tabaka mbili. Fikiria ubao wa chuoni: kuna maandishi yaliyochongwa kwenye mbao na kuna yaliyoandikwa juu kwa chaki. Famuwea yenyewe imechongwa. Mipangilio yako yote, jina la waifai, nenosiri, programu ulizoongeza baadaye, ni chaki. Mkaguzi akibonyeza, chaki inafutika na mchongo unabaki. Basi nikajiambia: nikijenga famuwea mwenyewe, naweza kuichonga nyumba yetu ndani yake. Kuna kifolda kiitwacho files. Utakachokiweka humo kinaingia kwenye mchongo. Unaandika hati fupi, unaiweka kwenye uci-defaults, nayo inakimbia ruta inapoamka mara ya kwanza na kila inapoamka baada ya kufutwa. Hati inasema: waifai iitwe hivi, nenosiri liwe hili, foleni ya keki ikae kwenye mlango wa nje. Abonyeze atakavyo. Ruta itaamka inatujua.

Ruta yetu ni Archer C7 ya toleo la pili, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Ina megabaiti 16 za hifadhi na 128 za memori, inatosha vizuri. Shemeji yangu, Injinia Kesho, alileta ya kwake ya zamani, TL-WR841N, akasema tufanyie majaribio humo. Ile ina megabaiti 4 na 32, matoleo ya sasa hayaingii. Nikamshukuru. Akaiacha hapo, na mpaka leo Spika anaegeshea mlango wa jikoni.

Kujenga kwenyewe kulichukua usiku mzima wa Ijumaa. Unashusha msimbo, unaandika make menuconfig, inatokea orodha ndefu unayotembea ndani yake ukichagua: aina ya ruta, kurasa za LuCI za kuiendeshea, sqm-scripts kwa ajili ya foleni. Kisha unaandika make na unangoja. Mara ya kwanza haijengi famuwea hata kidogo. Inaanza kujenga kikompaila kitakachoijenga famuwea. Ni kama mtu umemwomba pilau, naye anaanza kwa kufinyanga chungu. Laptopu yangu ilivuma kama mashine ya kusaga. Na kwa kuwa ilikuwa inashusha furushi za msimbo kwa mamia, laini ilijaa, na bi mdogo akaganda saa mbili na robo kabla hata hajaitikia salamu. Spika akasema, "Huyo Bundi ana kesi." Bundi akaapa kwamba safari hii si yeye. Sikumwacha asingiziwe. Nikasema ni mimi, ninatengeneza. Spika akanitazama kwa macho yake mazima.

Alfajiri famuwea ikawa tayari. Faili mbili: moja yenye neno factory, ya kuingilia kutoka famuwea ya dukani, na nyingine sysupgrade, ya wale ambao tayari wamo. Nikahakiki sha256sum. Baada ya adhuhuri ya Jumamosi nikakaa chini ya friji, nikafungua ukurasa wa ruta, nikachagua faili, nikabonyeza. Mstari ukaanza kusogea. Chini yake kulikuwa na onyo ambalo kila aliyewahi kuflashi kitu analijua moyoni: usizime umeme.

Sasa rudi kwenye keki. Mkaguzi alikuwa amelia wiki nzima akidai keki ambayo baba ataiweka kwenye ruta. Salma, kwa huruma ya dada mkubwa, akaona Jumamosi ndiyo siku. Akachanganya unga, mayai na iliki ya bibi yake, akawasha oveni ya umeme. Oveni ile Gavana huiruhusu sikukuu mbili tu kwa mwaka, kwa sababu inakula yuniti kama moto wa nyika. Mita ya LUKU ilikuwa imeanza kulia pii, pii tangu asubuhi. Kila mmoja wetu aliisikia, na kila mmoja alidhani mwenzake atanunua.

Mstari ulikuwa umevuka nusu. Feni ikapunguza mwendo, friji ikanyamaza, na taa za ruta zikazima zote kwa mara moja.

Nilibaki nimekaa sakafuni. Kutoka jikoni Salma akasema kwa sauti ndogo, "Baba, keki haijaiva katikati."

Gavana alinunua umeme kwa simu, akanisomea tokeni tarakimu 20, nikazibonyeza kwenye mita mkono ukitetemeka. Friji ikavuma. Ruta ikawasha taa moja, ikaipepesa, ikatulia hapo. Haikutoa waifai, haikujibu waya. Kariakoo wangesema imekufa.

Siku mbili zilizofuata sitazisahau. Bundi alitoka chumbani mchana, tukashangaa kumwona amerefuka. Spika alikwenda kwa jirani na simu yake, akarudi na taarifa kwamba waifai ya jirani haigandi. Injinia Kesho alipigiwa, akasema, "Kesho, shem, Inshallah." Gavana hakugomba. Alifungua daftari lake la matumizi, akalitazama, akalifunga, akasema, "Hadi Jumatatu jioni, Baba Salma. Baada ya hapo tutanunua ya dukani, na haitafunguliwa."

Lakini mimi nilijua kitu kimoja. Famuwea ilikuwa imevurugika, ila kile kiprogramu kidogo kinachoiamsha ruta, butiloda, kinakaa sehemu yake mwenyewe na hakikuguswa. Na Archer hii ina mlango wa dharura: ukiiwasha huku umeshikilia kitufe cha nyuma, inatafuta kompyuta yenye anwani 192.168.0.66, na inaiomba kwa TFTP faili moja yenye jina maalumu, ArcherC7v2_tp_recovery.bin. Ikiipata, inajiandika upya. Jina likikosewa herufi moja, inaondoka bila kusema neno.

Jumatatu baada ya kazi nikatandaza kila kitu kwenye mkeka. Ile faili yangu ya factory nikaipa jina hilo, nikaipa laptopu anwani ile, nikawasha seva ya TFTP, nikachomeka waya. Nikashika kitufe, nikawasha. Kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu, ya nne. Salma alikuja kusimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akaisoma skrini kama anavyosahihisha insha za wenzake. "Baba, umeandika a ndogo. Pale kwenye Archer ni A kubwa."

Nikabadilisha herufi. Kisha nikaona kwamba mikono yangu miwili haitoshi, kwa kuwa mmoja ulikuwa kwenye swichi, wa pili kwenye laptopu. Nikamwita Mkaguzi.

Alikuja polepole, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kituoni. Nikamwambia, "Bonyeza hapa, na usiachie mpaka nikuambie." Hakuamini. Alimtazama mama yake, akamtazama bibi yake. Spika akatikisa kichwa kumruhusu. Basi kidole kile, chenye alama ya kalamu ya bluu na kovu dogo la jiko, kikaja kikatua juu ya kitufe, na ncha yake ikageuka nyeupe kwa jinsi alivyokikandamiza. Ulimi alikuwa ameutoa pembeni. Nikawasha swichi. Taa zikawaka. Nikasikia anahesabu pumzi. Taa ya WPS ikaja, na kwenye skrini ukatokea mstari mmoja, kisha mwingine: ruta imeomba faili, faili imetumwa.

"Achia," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imekauka.

Tulingoja dakika tatu watu sita mkekani, hakuna aliyesema, hata Spika. Ikajizima, ikajiwasha. Halafu simu ya Bundi ikalia mlio wa kupata mtandao, na juu ya kioo chake likatokea jina nililolichonga usiku ule wa Ijumaa: Bungeni. Waifai ya OpenWrt kwa kawaida huja imezimwa mpaka mwenyewe uiwashe. Hii ilikuja imewaka, na nenosiri letu, na foleni ya keki tayari mlangoni imewekewa megabiti 18, chini kidogo ya uwezo wa laini, ili foleni ijipange kwetu na isijipange kwa wengine huko nje.

Usiku ule nilimwomba Bundi apakie video kubwa kuliko zote alizonazo. Akaona ninamtega. Nikamhakikishia, akapakia. Ping ikacheza kwenye 40. Spika akapiga Maskati. Bi mdogo akatokea, akasalimu, akacheka, na meno yake yote yakaonekana yakicheka mpaka mwisho. Walizungumza saa moja na nusu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha karibu nikijifanya nasoma gazeti.

Alhamisi stuli ilisogea tena. Nilikuwa jikoni, nikasikia ukimya ule ninaoujua. Sikukimbia. Niliangalia saa ya ukutani. Dakika mbili na kidogo baadaye Spika, aliyekuwa katikati ya habari za harusi, akasema, "Eh, ulikatika kidogo, endelea." Mkaguzi aliingia jikoni kidole kikiwa juu, ananiambia kwamba amebonyeza na haijaharibika. Nikambeba.

Kuna jambo moja tu ambalo sijalipata. Ruta inahitaji hewa, na Spika anaona ni aibu kitu cheusi kukaa juu ya friji uchi. Kila asubuhi anakifunika kitambaa chake cha kufuma, kila jioni mimi nakiondoa na kukikunja vizuri kando. Nilimweleza habari ya joto, akanisikiliza, akasema, "Basi." Jana nimerudi kazini nikamkuta ameiweka ruta mapajani, anapima nafasi ya antena kwa kidole. Alikuwa ameshaanza kipya, cheupe chenye ukingo wa kijani, amekifuma kwa matundu makubwa ili hewa ipite, na matatu ya mzunguko ya kupitishia antena. Bado tundu moja. Aliniambia nishike uzi.